Amplifaya ya Baba Mkwe Iliyonichemkia Mara Tatu

Jumamosi, Oktoba. Saa kumi na mbili kasoro jioni, Makutupora.

Upepo umetulia sasa hivi, baada ya kutupiga vumbi tangu asubuhi. Jua la Oktoba huku kwetu halina huruma kabisa. Hata mizabibu ya jirani imelegea majani. Nimekaa barazani kwa mama mkwe wangu, simu mkononi, chaji imebaki kidogo, naandika kabla moyo haujapoa. Nina furaha na nina aibu, na sijui kipi kinaniwasha zaidi.

Nianze na sifa, maana nikianza na aibu sitafika mwisho.

Mimi ni fundi. Si "mama anayejaribujaribu vitu vya umeme", kama shemeji yangu Ezekieli alivyowahi kunitambulisha kwenye sherehe mbele za watu. Ni fundi wa redio na amplifaya za zamani, kibanda changu kiko Chang'ombe ya hapa Dodoma, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Za siku hizi sizipendi, zimebanwabanwa ndani mpaka bisibisi inakosa njia. Lakini zile za Kijapani za miaka ya sabini, zenye mbao pembeni na matundu ya kupumulia juu, hizo nikizifungua najua kila kitu kilipo hata umeme ukikatika. Watu wananiletea kutoka Kondoa, wananiletea kutoka Mpwapwa. Wanaume waliokuwa wakija kunipima kwa maswali walishachoka, siku hizi wanakuja na mashine.

Halafu mwezi huu uliopita amplifaya moja ikanichezea shere. Na si ya mteja wa barabarani. Ni ya baba mkwe.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Alifariki mwaka wa pili wa ndoa yangu na Yona, akaacha amplifaya, deki ya kaseti, spika mbili na boksi la kaseti za kwaya yake alizorekodi mwenyewe. Mama anazisikiliza kila alasiri akiwa amejinyoosha. Ezekieli anasema zote ataziingiza kwenye flashi, amnunulie na sabufa, mambo yaishe. Mama hataki. Alishasikiliza sabufa ya jirani, akasema besi inameza sauti ya kwanza. Na yeye ndiye aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza.

Mwezi wa tisa mashine ikaanza vituko. Inaimba nusu saa, inaanza kukoroma, inatoa harufu ya kuungua, inazima. Ikipoa inarudi kama si yeye. Yona akaileta kibandani ndani ya boksi la sabuni, nikamsikiliza anavyonieleza, nikacheka. Ugonjwa huo naujua. Ni pawa saplai, ile sehemu inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kipimo ndani ya mashine. Ikizeeka inachemka.

Nikafungua. Kapasita mbili kubwa, vile vikopo vinavyotunza umeme, zimevimba vichwa, ushahidi huo hapo. Nikazing'oa, nikaweka mpya, nikaiacha iimbe mezani saa tatu nzima ikiwa wazi. Safi kabisa. Nikamwambia Yona mwambie Mama imepona.

Siku nne tu, ikazima.

Mara ya pili niliingia kwa hasira. Ile transista inayodhibiti umeme, iliyofungwa kwenye bati la kupozea, grisi yake nyeupe ilikuwa imekauka imekuwa unga. Nikaisafisha, nikapaka mpya. Bodi chini yake ilikuwa imegeuka kahawia, risista mbili zimepoteza kipimo; nikazibadilisha. Kisha nikageuza nyuma nikakuta swichi ya kuchagua volti imewekwa kwenye 220, na mita yangu inasoma 240. Wee! Nikapiga meza kwa furaha mpaka muuza chipsi wa jirani akauliza kuna nini. Nikaisogeza mahali pake, nikafunga kifuniko, nikaiacha iimbe tangu asubuhi mpaka nafunga kazi. Bati la juu lilikuwa vuguvugu tu, unalaza kiganja ukahesabu mpaka mia bila kukitoa.

Imepona, nikasema tena. Na safari hii nilimpigia Mama mwenyewe, nikajisifu kidogo.

Ikakaa siku tatu.

Hapa pana kitu lazima nikiandike ingawa hakinipendezi. Siku ile Yona aliponiambia imezima tena, nilimwaga maneno. Nilisema labda Mama anaiwasha na kuisahau mpaka asubuhi. Nilisema labda anafungulia sauti mpaka mwisho. Mwisho nikasema kilichokuwa moyoni muda mrefu, kwamba labda Mama hataki ipone kwa mkono wangu. Yona alininyamazia siku nzima, na alikuwa na haki.

Mama hajawahi kunisema vibaya. Wala vizuri. Ni mama wa maneno machache. Ukimpikia anakula, anashukuru, anaosha mikono, basi. Mimi ni mtu wa kelele, nimetoka Kolo kwenye nyumba ya watu wa kelele, nyumba ambayo mtu akikupenda unajua na majirani wanajua. Miaka minane nimekaa na huo ukimya na kila siku nautafsiri vibaya.

Wiki iliyopita Ezekieli akapiga simu kutoka Dar. Akasema anakuja Jumamosi na sabufa mpya. Kama ile ya Baba itazima tena, anaibeba kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na asisikie mtu analia. Simu ilikuwa kwenye spika. Mama akajibu, "Sawa, mwanangu. Kama imeshindikana, imeshindikana." Alisema polepole kama mtu anayekunja nguo.

Mimi sikulala vizuri na neno hilo "imeshindikana".

Basi wiki hii nzima nilifunga kazi nyingine zote. Nilipima transfoma ikiwa na mzigo na ikiwa haina. Nilipima umeme inaokula ikiwa kimya. Nilielekeza kile kipimajoto cha kushika mkononi kwenye kila sehemu ya pawa saplai, nikaandika namba kwenye daftari kila baada ya robo saa. Nikatafuta kiota cha panya, nikatafuta mende. Nilimaliza nikaegemea ukuta. Haina kosa. Nilijiambia hivyo na hata sasa nasema hivyohivyo: mashine haikuwa na kosa.

Kila mteja wangu namuuliza maswali matatu: inakaa wapi, imezungukwa na nini, umeme wako ukoje. Kwa Mama nilimuuliza Yona badala yake. Akasema inakaa chumbani kwa Mama, mezani karibu na dirisha. Nyuma pana nafasi? Ipo. Juu yake kuna kitu? Hakuna kitu. Nikaridhika. Ningefanyaje? Kwetu Kolo nilikokulia na huku Ugogoni nilikoolewa, mkamwana hajiingilii tu chumbani kwa wakwe. Hata baada ya Baba kufariki sikuwahi kuvuka lile pazia. Kila ninapokuja kuichukua naikuta sebuleni, Mama ameshaitoa, ameifuta vumbi, inang'aa, inanisubiri mezani kama mgeni aliyeaga tayari.

Leo asubuhi tukaja nayo. Mama akatupokea mlangoni na "Mbukwenyi" yake ya Kigogo, nikampa shikamoo yangu, akapokea. Ezekieli alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kochi na boksi la sabufa pembeni.

"Shemeji, leo mgonjwa anatoka wodini au anakwenda mochwari?"

"Hiyo yako ikifikisha miaka mitano nipigie nije kwenye mazishi," nikamjibu. Tukacheka.

Nikaiwasha palepale sebuleni. Mita kwenye soketi ya nyumba inasoma 236, umeme umetulia. Mama akachagua kaseti. Kwaya ikajaa nyumba nzima, wanaume chini, wanawake juu, na mahali fulani sauti ya Baba inahesabu moja, mbili, tatu kabla wimbo haujaanza. Saa moja ikapita. Ya pili ikapita. Nikalaza kiganja, vuguvugu tu. Nikamwangalia Ezekieli, akaangalia dirishani. Nilivimba kichwa mimi, sitadanganya.

Mama akasema, "Basi irudi mahali pake, niisikilize nimejinyoosha." Yona na Ezekieli wakaibeba chumbani. Mama akaingia nyuma yao, pazia likashuka. Mimi nikabaki sebuleni na kikombe cha chai, nasikiliza ukutani.

Dakika arobaini hivi.

Kwanza ile sauti ya juu ikakwaruza. Halafu mkoromo. Nilijua kabla harufu haijanifikia. Kisha nyumba nzima ikawa kimya, na kimya cha kwaya iliyokatwa katikati ya wimbo sikutakii ukisikie.

Ezekieli akatoka na kunyanyua mikono. Hakunidhihaki hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema taratibu, "Tumejaribu, shemeji. Umejitahidi." Akainama kufungua boksi la sabufa.

Jamani, niliona giza. Mashine imeimba saa mbili sebuleni bila kuchemka. Chumbani, hatua kumi kutoka hapo, nyumba ileile, umeme uleule, inakufa. Kama si mashine na si umeme, basi ni chumba. Na mimi chumba sijakiona. Mteja yeyote mwingine ningekuwa nimeshachungulia hata chini ya kitanda chake siku ya kwanza. Huyu nilimwonea heshima mpaka nikaacha kufanya kazi yangu.

Nikasimama, nikaenda mpaka kwenye pazia. Sauti yangu ilinitoka ndogo mpaka nikaishangaa.

"Mama, naomba niingie niione inapokaa."

Akalisogeza pazia kwa mkono wake. "Ingia, mwanangu."

Amplifaya ilikuwa imevaa nguo.

Kitambaa kizito cha kufuma, cheupe chenye mashada ya zabibu za zambarau, kimeifunika juu, kimeshuka pembeni zote mbili na kufika nyuma, kimekaa sawasawa kama kimeshonwa kwa kipimo. Na kweli kilishonwa kwa kipimo. Nilikijua kabla sijakigusa. Nilikifuma mimi.

Nilikifuma nikiwa bibi harusi mpya, miezi miwili, nimpelekee mama mkwe zawadi. Wakati huo Baba yupo na amplifaya inakaa sebuleni, nikaipima kwa macho nikiwa nakunywa chai. Nikafuma mara mbili uzi, usilegee. Halafu kwa kuwa vumbi la Dodoma linapenya mpaka kwenye sanduku lililofungwa, nikakitia bitana ya satini kwa ndani, kisipitishe hata chembe. Nikampa. Akasema asante, akakikunja. Sikukiona tena miaka minane. Nilishajiambia zamani kwamba alimpa mtu.

Nikauliza, "Mama, hiki ulikuwa nacho?"

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. Alikuwa nacho sandukuni siku zote. Alikuwa anaogopa kukichafua. Mwezi wa nane kile kitambaa chepesi cha zamani kikachanika, akafikiri sana, akaona vitu viwili vizuri vya nyumba hii vikae pamoja. Ndivyo alivyosema, vitu viwili vizuri vya nyumba hii. Na kila mashine ilipokwenda kwa fundi alikivua kwanza, akakificha, maana mgonjwa hapelekwi kwa daktari na nguo zake zote. Na pia aliona haya nisije nikadhani amekichakaza.

Nikamgeukia Yona. "Si ulisema juu yake hakuna kitu?"

"Sasa hicho ni kitu?" Yona akashangaa kabisa. "Hicho si kitambaa?"

Makubwa! Ezekieli alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka, halafu nikatia mkono chini ya kitambaa nikauondoa haraka. Bati lilikuwa moto wa kuunguza. Matundu yote ya juu yamezibwa na satini yangu, joto linazunguka humo humo halina pa kutokea. Kapasita nilizoweka mpya, grisi, risista, vyote nilikuwa navipika mwenyewe.

Kwa sekunde chache nilifikiria kunyamaza. Ningeweza kukivua taratibu, nikasema chumba kina joto, tukafungua dirisha, nikabaki fundi bingwa. Lakini Mama alishaelewa. Uso wake ulibadilika.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa naiua," akasema. "Kila siku. Kwa mkono wangu."

Hapana. Hilo sikuweza kumwachia. Nikamwambia Mama ni mimi, wewe ulivalisha tu. Nikamgeuzia kitambaa nikamwonyesha bitana. Nikamwambia niliziba kila tundu vumbi lisipite, sikukumbuka kwamba joto nalo linahitaji njia, na nilikuwa fundi tayari wakati huo, sina pa kujificha. Ezekieli akasema, "Fundi anaharibu, fundi anatengeneza." Nikamwacha afurahi, alistahili hiyo moja.

Tukasubiri ipoe. Nikaiwasha palepale chumbani, mezani pake, ikiwa uchi. Hakuna aliyetoka. Upande mzima wa kaseti ukaisha, Ezekieli mwenyewe akalaza kiganja chake pale juu, akakiacha muda mrefu, akaniangalia, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaenda sebuleni kufunga boksi lake. Sabufa atampelekea mama mdogo.

Nilimwambia Mama nitakitoa bitana na kukipunguza kiwe cha juu tu, chepesi. Nikanyoosha mkono kukichukua. Akakivuta kwake. "Usikiguse." Sijawahi kumsikia akinikatalia kitu kwa ukali vile, na sijawahi kufurahi kukataliwa vile. Tumekubaliana: mashine ikiimba inakaa wazi, ikizimwa na kupoa ndipo inavishwa. Wakati inaimba anakitandaza mapajani mwake.

Kisha akapapasa kitanda kando yake. Niketi.

Nikaketi kitandani kwa mama mkwe wangu, viatu nje, mgongo umenyooka kama niko kwenye usaili. Kwaya ikaimba. Mama akawa anafuata sauti ya kwanza, polepole, haifiki tena kule juu lakini njia anaijua. Mahali fulani akanigusa goti, akasema, "Hapa ndipo nilikuwa nachelewa kuingia, baba yenu ananikazia macho." Nikacheka, akacheka. Halafu, bila kuniangalia, akasema kitambaa hiki aliwahi kuwaonyesha wanawake wote wa kwaya, mmoja mmoja, akiwaambia ni kazi ya mkwe wake.

Nilitoka barazani nikasingizia napiga simu. Nililia, ndiyo. Sasa nimemaliza.

Kuanzia Jumatatu hakuna mashine inayotoka kibandani kwangu bila mimi kuona inapolala, awe mteja ni diwani, awe ni padri, awe ni mkwe. Na nitauliza kwa maneno kamili: ina kitambaa? Nimeshaandika kwa kalamu nene, nitabandika ukutani juu ya meza. Kazi yangu naijua, na leo naijua zaidi ya jana.

Mama ananiita kutoka ndani. Amegeuza kaseti, upande wa pili unaanza.

Miaka minane nimekuwa nikisubiri anionyeshe kwamba ananipenda. Mbona sikuwahi hata siku moja kumuuliza kile kitambaa alikiweka wapi?